Kazi Isiyo na Msimbo

6 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Umesema jirani yako kakuuliza kama mimi ni daktari, ukakosa la kumjibu. Mwambie mimi ni mhasibu anayevalishwa koti jeupe ili wauguzi wasimfukuze wodini.

Kwa miezi mitatu nimeshinda kwenye wodi ya wagonjwa wa kiharusi, saa ya kupimia dakika shingoni kama mwalimu wa michezo. Kazi yangu ilikuwa kumfuata mgonjwa tangu anaposhushwa kwenye gari mpaka anaporudishwa kwao. Daktari akimwinamia, nabonyeza. Akiinuka, nabonyeza. Akigeuzwa ubavu, akibadilishwa shuka, akipelekwa kupigwa picha ya kichwa, yote nimeyaandika kwa dakika, kisha dakika nikazigeuza fedha. Wagonjwa sitini na mmoja. Siku hizi hata nikipiga mswaki najihesabia.

Shida ya hospitali ni hii. Mfuko wa bima ya umma unalipa fungu moja kwa kila mgonjwa wa kiharusi, awe amelala siku nne au arobaini, na hakuna aliyewahi kupima sisi tunatumia kiasi gani. Sasa tunajua: karibu mara mbili ya tunacholipwa. Fungu la Mfuko linakwisha siku ya saba, na mgonjwa bado yuko kitandani. Nilichora mchoro mmoja tu, mstari mwekundu ukipanda na wa bluu umelala. Mkurugenzi aliutazama, akaniita "mtaalamu wetu" mbele ya watu. Miaka kumi na moja nimekuwa "wewe wa hesabu".

Pale wodini kuna muuguzi tunamwita Bi Kijiko. Kiharusi huharibu hata kumeza. Mtu anakunywa maji, yanakwenda mapafuni badala ya tumboni. Bi Kijiko anakaa na ndugu wa mgonjwa, kijiko mkononi, anawafundisha: mkalishe hivi, kidevu hivi, ngoja ameze ndipo umwongezee. Dakika hamsini kwa siku kwa kila mgonjwa, siku nne au tano mfululizo. Nilimwambia kazi yake haina msimbo. Kila kinacholipwa na Mfuko kina namba yake kwenye fomu, yake haina. Akaniambia basi niandike jina lake mahali pa namba. Kwa ubishi ungedhani mmezaliwa tumbo moja.

Msalimie Baba. Mwambie apunguze chumvi.

Mdogo wako


20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimemsomea Baba kwa sauti, yaani kwa ile sauti yangu ambayo mtaa mzima unaisikia isipokuwa mimi. Tangu masikio yangu yabaki kwenye mitambo ya kiwanda cha nguo nimekuwa redio isiyo na kitufe cha kupunguzia. Usichoke kuniandikia. Simu kwangu ni mbu tu sikioni.

Jumatatu Baba alipanda ngazi kuandika kibao cha duka la viatu. Umri ule. Nilimshikia ngazi huku nikimgombeza, na yeye anapiga mluzi, brashi haitetemeki hata kidogo. Herufi zimekaa kama zimepigwa chapa. Chumvi amekataa. Anasema amekula chumvi nyingi kuliko madaktari wako wote na ndiyo maana ana busara.

Amekuuliza swali, nikuandikie kama alivyolisema: "Sasa wamejua gharama ni kubwa. Mfuko utaongeza fungu, au hospitali itapunguza kazi?" Nimemjibu kwamba wewe ndiye uliyesoma, bila shaka hilo ulishalifikiria.

Hongera kwa utaalamu. Baba alijifanya anachanganya rangi, lakini jioni nilimsikia, au tuseme nilimwona, akimweleza muuza magazeti.

Dada yako


3 Mei

Mdogo wangu,

Ule ujumbe wa simu niliokutumia, "Baba kapata kiharusi, njoo upesi", ulikuwa na maneno matano kwa sababu mkono mwingine ulikuwa unamshikilia yeye. Ahsante kwa kuja siku ile ile na kulala kwenye benchi la hospitali na suruali yako ya kazini. Najua ulilazimika kurudi.

Sasa pokea habari njema. Baba yuko nyumbani. Siku ya saba walikuja wakapima presha, wakasema imetulia, anaweza kwenda. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia muuguzi mkuu, na yeye akasimama kama mti, hakunikumbatia. Nikasema moyoni, mtu anayetolewa mapema ni mtu aliyepona mapema.

Mkono wa kulia haujarudi. Maneno nayo hayajarudi, isipokuwa "sawa". Ukimwuliza kama ana njaa, sawa. Ukimwuliza anaitwa nani, sawa. Jana nilimwambia mpangaji wa chumba cha nyuma kahama bila kulipa, akasema sawa, tukacheka wote wawili, yeye kwa upande mmoja wa uso.

Walinipa dawa na karatasi, wakasema nirudi baada ya mwezi. Lakini nina swali. Akila viazi vya kuponda, vinapita. Akinywa chai au maji anakohoa mpaka machozi yanamtoka, na jana kifua kilikuwa kinakoroma. Nilimwekea mkono nikakisikia kwa kiganja. Kabla hatujaondoka niliuliza kama na wao wana Bi Kijiko wao. Wakatazamana. Basi nimemkumbuka wa kwako. Mwulize, kisha niandikie kila kitu kama unavyomwandikia mtoto.

Dada yako


14 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenisonga.

Bi Kijiko hayupo wodini tena, amehamishiwa masjala kupanga mafaili. Nilimkuta huko leo. Anasema hivi, na uyafuate kama yalivyo. Usimpe chai wala maji matupu. Kila kinywaji kifanye kizito kama uji. Mkalishe wima kabisa, mto mgongoni, asile akiwa ameegemea. Kidevu akiinamishe kidogo anapomeza. Kijiko kidogo, nusu kijiko, upande ule wenye nguvu. Tazama koo lake: likipanda na kushuka, ndipo umwongezee. Akimaliza, akae wima nusu saa. Na akipata homa usingoje mwezi uishe, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu kutolewa siku ya saba, utaratibu umebadilika kidogo mwaka huu. Tutazungumza nikija.

Usihangaike. Unamtunza vizuri.

Mdogo wako


10 Juni

Mdogo wangu,

Nimeona nikuandikie mimi kwanza, maana wewe huenda unaona haya kuniandikia.

Barua yako ya tarehe kumi na nne ililetwa tarehe kumi na nane. Tulikuwa tunarudisha viti tulivyoazima kwa ajili ya maziko, na wewe ulikuwa umepanda basi asubuhi ile. Niliona mwandiko wako nikadhani umeniandikia ukiwa safarini. Nikakaa kwenye kiti kimojawapo nikaisoma.

Usimpe chai wala maji matupu.

Nimehesabu, nami si mhasibu. Tangu tulipotoka hospitali mpaka homa ilipoanza ni siku kumi na tatu. Vikombe vitatu kwa siku. Vikombe thelathini na tisa, na kila kimoja nilikishika mimi, nikampulizia mimi, nikamwambia kunywa Baba, upate nguvu. Nilipomrudisha hospitali sikukutumia ujumbe upesi, nilingoja atulie kwanza. Daktari alisema mapafu yalijaa. Nilijua yamejaa nini.

Kuna jambo lingine. Siku ya maziko Baba mkubwa alizungumza nyuma yangu, akidhani kiziwi hana habari. Lakini nilikuwa nimegeukia kabati la kioo, nikauona mdomo wake. Alisema, "Mdogo wangu hakuuawa na kiharusi. Kauawa na kikombe cha chai." Wanawake watatu waliitikia kwa vichwa. Wewe ulikuwa umekaa ubavuni kwake, na nilikuona ukitazama chini ukanyamaza. Nakushukuru kwa hilo. Ungenitetea ungekuwa ugomvi juu ya kaburi, na Baba hakupenda ugomvi. Halafu ungenitetea kwa lipi? Mzee kasema kweli.

Rangi zake nimezifunika vizuri zisikauke. Sijui nazifunikia nani.

Dada yako


25 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nne.

Acha kuhesabu vikombe. Kiharusi cha Baba kilikuwa kikubwa, niliiona picha ya kichwa mwenyewe. Wengi wa namna ile hawafiki mwezi hata wakilishwa na malaika. Baba mkubwa ni mtu mwenye uchungu, na mwenye uchungu hupiga aliye karibu. Yote ni kudra ya Mungu.

Huku niko salama. Walitaka nikaeleze ile ripoti yangu kwenye mkutano wa wahasibu wa hospitali, nikasema naumwa. Si uongo sana, silali vizuri.

Kula, dada. Nimesikia kutoka kwa binti yako kwamba huli.

Mdogo wako


18 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Sasa binti yangu amekuwa mpelelezi wako. Nami nikupe la kwake: mwezi ujao anarudi kazini, mtoto wake ana miezi sita ndiyo anaanza kula, akaniomba nishinde naye. Nikamwambia hapana. Akadhani nimechoka, akaniomba tena kwa upole. Nikamwambia atafute mtu mwenye mikono. Akalia, nikamwacha alie. Mimi sitashika kijiko mbele ya kinywa cha mtu tena, awe mzee, awe mtoto.

Juzi nilikwenda hospitali. Sikuwa mgonjwa, nilikwenda kuomba radhi. Nilimtafuta yule muuguzi mkuu niliyemkumbatia, nikamwambia kwamba mgonjwa waliyenikabidhi akiwa hai nimemwua kwa ujinga. Niliona nikimwambia mtu mwenye kazi yake labda nitapumua. Alinishika mkono akanivuta mpaka kwenye chumba cha kuhifadhia shuka, akafunga mlango, akazungumza polepole mbele ya uso wangu, maana alikumbuka masikio yangu.

Alisema, "Mama, zamani tulikuwa tunawafundisha ndugu kulisha. Tuliambiwa tuache mwezi wa tatu. Ulikuja waraka."

Nikamwuliza waraka wa nani. Akasema unatoka makao makuu, yaani huko kwenu, na ulikwenda kwenye hospitali zote sita mnazozisimamia. Kazi zisizolipwa na Mfuko ziondolewe, na mgonjwa ambaye presha imetulia atoke siku ya saba. Alisema siku ile nilipomkumbatia alitamani ardhi ipasuke.

Wewe uko huko huko, unakaa na wakubwa. Nitafutie mtu mmoja: aliyekaa akaandika kwamba kufundisha kulisha kunaweza kuondolewa. Sina haja ya kumshtaki, na mahakamani ningesikia nini. Nataka kumwuliza tu kama ana mzazi.

Dada yako


4 Agosti

Dada,

Ana mzazi. Alikuwa naye.

Aliyeandika ni mimi. Waraka aliusaini Mkurugenzi, lakini maneno yalitoka kwenye ripoti yangu, ukurasa wa kumi na tisa. Nayajua kwa moyo: "Mafunzo ya kulisha kwa ndugu, dakika hamsini kwa siku, hayana msimbo wa malipo. Yanaweza kuondolewa bila kupunguza marejesho ya Mfuko." Mstari wa pili nao ulikuwa kweli tupu. Hakuna mtu aliyeniagiza kuuandika. Mkurugenzi aliniomba orodha ya vitu tunavyofanya bila kulipwa, basi. Neno "kuondolewa" nililiweka mimi, kwa sababu orodha bila pendekezo ilionekana kazi nusu, na nilitaka kuonekana nimemaliza kazi.

Baba aliniuliza mwezi wa pili, kupitia kwako. Mfuko utaongeza fungu, au hospitali itapunguza kazi? Jibu nilikuwa nalo kwenye droo, waraka ulikuwa unachapwa. Sikumjibu. Ungepekua barua zangu zote, usingeona nimemjibu.

Sasa sikiliza la vikombe, maana hili ndilo baya zaidi.

Barua yako ya tarehe tatu Mei ilinifikia tarehe tano. Nilipoisoma mahali pa kukohoa nilijua papo hapo. Nimekaa miezi mitatu nikimtazama Bi Kijiko, ningeweza kukuandikia mambo yote yale bila kumwuliza mtu. Ningeweza kukutumia ujumbe wa simu wenye maneno manne: chai na maji, acha. Wewe una simu, binti yako ana simu. Lakini uliniambia nimwulize Bi Kijiko, nami nikajifanya siwezi kukujibu kabla sijamwuliza, na kumwuliza nilikuwa naogopa. Alikuwa masjala kwa sababu yangu. Kila siku nilishuka ngazi mpaka ghorofa ya chini, nikaona mlango wa masjala, nikarudi. Siku tisa. Hakuna kazi zilizonisonga, dada. Ule ulikuwa uongo.

Siku ya tisa niliingia. Alikuwa amekaa sakafuni kati ya mafaili. Nikamweleza kuna mzee anakohoa akinywa. Akaniuliza maswali ya kitaalamu, nikajibu. Kisha akaniuliza mzee huyo ni nani. Nikasema ni baba yangu. Akafuta vumbi mikononi, akasema, "Kaa chini nikuonyeshe." Alinifundisha dakika hamsini kamili, kwa kijiko cha chai kilichokuwa kwenye kikombe chake, bila neno moja la lawama. Nilipotoka nilikuwa na kila kitu, na bado nilikwenda kununua stempu. Nadhani nilikwishazoea kuchelewa. Barua iliniruhusu kuandika vizuri. Ujumbe wa simu ungeniumbua.

Wewe ulimpa chai bila kujua. Mimi nilijua, na nilikuwa na siku saba za kuokoa kabla homa haijaanza.

Siku ya maziko sikunyamaza kwa heshima. Baba mkubwa alipotamka lile neno nilisikia mwili wote unapata nafuu. Mtu mwingine amepatikana wa kubeba. Hiyo ndiyo nafuu niliyoisikia, juu yako, mbele ya jeneza la Baba. Kisha ukaniandikia kunishukuru, nami nikakujibu kwa kumsingizia Mungu.

Sikuombi msamaha kwenye barua hii. Naomba tu uache kuhesabu, na umshike mjukuu wako.

Mdogo wako


2 Septemba

Dada,

Shikamoo. Hujajibu, na sikutegemea ujibu. Nakuandikia kwa sababu una haki ya kujua yaliyofuata.

Niliomba mafaili ya wagonjwa wote wa kiharusi waliotoka kwenye hospitali zetu sita tangu waraka ulipoanza kutumika. Nilitaka kupima kitu ambacho sikukipima mwanzo: wanaorudi. Unajua, mgonjwa akirudi na nimonia haandikwi tena wodi ya kiharusi. Anaandikwa wodi ya kifua, kwenye vitabu vya watu wengine. Kwa hiyo kila aliyerudi alizidi kuifanya wodi yangu ionekane inabana matumizi. Jedwali langu lilikuwa linasifiwa kwa ajili ya watu hao.

Kabla ya waraka, katika kila wagonjwa mia, walikuwa wanarudi wanne. Sasa wanarudi kumi na tisa. Nikakokotoa. Gharama ya mmoja anayerudi inatosha kumlipa Bi Kijiko kufundisha ndugu wa wagonjwa thelathini. Nilipoiona hesabu ile nilipiga meza kwa furaha. Nakuambia yote, na hili nalo ujue: kwa muda kama wa dakika moja nilifurahi kama mhasibu. Halafu nikageuza karatasi nikamkuta Baba. Hakuna jina kwenye zile karatasi, ni namba ya faili, umri, mji, siku ya kutoka, siku ya kurudi. Mwanamume, miaka sabini na mbili, ya saba, kisha ya kumi na nne tangu atoke. Nilikuwa nimeshamjumlisha.

Niliipeleka kwa Mkurugenzi. Nilimwambia mstari wa ukurasa wa kumi na tisa ni wangu na ni wa makosa, na kwamba mmoja wa waliorudi ni baba yangu. Alinipa pole kwa dhati. Kisha akaniuliza kama takwimu hizi Mfuko unaweza kuzikubali kama hoja ya kuomba msimbo mpya. Nikasema zinaweza. Mfuko umezipokea, haujajibu. Wala sijui utajibu lini, meza zao zina barua za miaka mitatu. Lakini sehemu ya waraka inayohusu mafunzo imefutwa. Tangu jana ndugu wa wagonjwa wanafundishwa tena kwenye hospitali zote sita, huko kwenu pia, kwa gharama zetu wenyewe. Ile siku ya saba haijafutwa. Nilishindwa hapo.

Bi Kijiko amerudi wodini. Hatujazungumza. Tukikutana kwenye ngazi ananipisha kama anavyompisha mtu yeyote.

Mdogo wako


29 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nimekaa na barua yako ya Agosti wiki nane. Mara ya kwanza niliisoma mpaka pale pa nafuu, nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nilikuchukia. Nakuandikia neno hili wazi hivyo hivyo, ulione. Nilikulea mimi, Mama alipotangulia ulikuwa huna meno ya mbele, na nilikuchukia kama mtu baki.

Wala usidhani ulinishtua sana. Nilipokuuliza ni nani aliyeandika, nilikuwa nimeshaitoa barua yako ya Februari nikaisoma tena, nikakutana na Bi Kijiko wako na kazi yake isiyo na msimbo. Nilikuuliza nione kama utanidanganya. Ungenidanganya safari ile nisingekuandikia tena maisha yangu yote, na ungezeeka ukidhani ni posta.

Jumapili ya kwanza ya mwezi huu nilimwita Baba mkubwa. Nilimkalisha kwenye sebule ile ile, nikawaita na wale wanawake watatu, nikawasomea barua yako kuanzia "Ana mzazi" mpaka mwisho. Kwa sauti yangu ile. Jirani naye amesikia, kwa hiyo sasa anajua wewe si daktari. Sikufanya hivyo kukuaibisha, ingawa najua utaaibika. Neno lile lilisemwa mbele ya watu, basi lilipaswa kuondolewa mbele ya watu. Baba mkubwa aliomba arudiwe pale pa siku tisa. Nikarudia. Akaja akanishika kichwa kwa mikono yake miwili kama nilipokuwa mtoto. Alipofika mlangoni ndipo aliposema, "Mwambie aje."

Hospitali nimekwenda pia. Ni kweli wanafundisha. Nilisimama mlangoni nikamtazama kijana mmoja na mama yake, muuguzi anamwelekeza mkono wenye kijiko. Nilitaka kulia, nikajikuta nimekasirika badala yake. Dakika hamsini. Ningekaa saa hamsini.

Sasa nami nina langu. Umenimwagia yote, na ukimaliza unaniambia nisihesabu, kwamba sikujua. Hapo ndipo umenilazimisha.

Nilijua kidogo. Ile karatasi waliyonipa hospitali, ina mistari ishirini na moja ya maandishi madogo. Mstari wa kumi na sita unasema vinywaji viwe vizito. Niliusoma siku ya kwanza. Sikuelewa kwa nini, hakuna aliyenieleza, lakini niliusoma, na siku mbili za mwanzo nilimpa uji tu. Siku ya tatu Baba alinionyesha birika kwa mkono wa kushoto. Nikatikisa kichwa. Akanionyesha tena. Hakuwa na neno la kuombea isipokuwa lile moja, akaniambia "sawa", "sawa", "sawa", mpaka uso ukamlowa. Baba yangu aliyeandika vibao vya mji mzima, ananiomba chai kama mtoto. Nikasema karatasi ni karatasi. Nikammiminia. Alikohoa, lakini alipopumzika alitabasamu kwa upande wake mmoja, na mimi nikaliona lile tabasamu likiwa kubwa kuliko mstari wa kumi na sita. Kesho yake nikampa tena.

Kwa hiyo hata vikombe nilikuhesabia uongo. Si thelathini na tisa.

Kama ningefundishwa, ningejua kumpa chai nzito kwa kijiko, na angetabasamu vile vile. Hilo ni lako na la Mkurugenzi wako. Kama ungetuma maneno yako manne, huenda ningemwaga birika. Hilo nalo ni lako, na nitalikumbuka kila nikikuona, usidanganyike. Lakini ile siku ya tatu, mimi, Baba na birika, ni yangu, na si mkosi tu. Ndilo jambo la mwisho alilowahi kuniomba, nami nikampa. Usije ukalichukua ukaliweka kwenye hesabu zako kwa sababu unataka kubeba yote peke yako. Sehemu yangu niachie.

Nimeanza kushinda na mtoto, tangu wiki iliyopita. Anatema kila kitu.

Njoo ukipata likizo. Chumba cha nyuma ni kitupu, utalala humo.

Dada yako